Nyumba ya Umbo la Kiatu, na Wema wa Mfanyabiashara



Zamani mtu alitoka kwake kwa sababu ya biashara, ya ndugu mgonjwa, ya kilio, ao ya kwenda kuhiji mahali patakatifu. Siku hizi wako watu wengi, hasa katika nchi zenye mali, wanaosafiri ili kutazama tu. Wengine wanalipa safari ndefu waone jambo moja: nyumba isiyofanana na nyumba nyingine. Wanaizunguka, wanacheka, wanapiga picha, kisha wanakwenda zao.

Labda mzee mmoja atauliza: Kuna faida gani hapo? Nyumba si ya kulala, kupikia na kulelea watoto? Aliyejenga nyumba ya kuchekesha amepoteza mali yake, na aliyekwenda kuitazama amepoteza siku yake. Maneno hayo yana haki, lakini tusihukumu upesi. Tuchague nyumba moja kati ya hizo, tuizunguke pole pole, halafu tusikilize swali inalotuuliza. Swali lenyewe ni hili: mtu akitenda wema huku akitafuta faida yake mwenyewe, je, wema huo ni wema bado?

Nyumba yenyewe

Nyumba hiyo iko Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, karibu na mji wa York. Ina umbo la kiatu. Kiatu hicho si cha sikukuu. Ni kiatu kirefu cha kazi, chenye shingo inayopanda juu ya kifundo cha mguu, kama kile ambacho wakulima na mafundi huvaa matopeni. Toka kisigino mpaka ncha ya vidole ni karibu meta 15. Upana wake ni meta 5 na kidogo. Na shingo ya kiatu inapanda juu zaidi ya meta 7. Mifupa yake ni miti. Juu ya miti mafundi walitandika wavu wa chuma, na juu ya wavu wakapaka simenti.

Ukiingia, waona kwamba ni nyumba kweli. Sebule iko penye vidole. Jiko liko kisiginoni. Vyumba viwili vya kulala viko juu penye kifundo. Hata kibanda cha mbwa huko nje kina umbo la kiatu. Madirisha yana vioo vya rangi, kama vile tunavyoviona katika makanisa makubwa. Lakini katika vioo hivyo hutaona mtakatifu ye yote. Utaona viatu. Na penye mlango utamwona mwenye nyumba mwenyewe katika kioo, ameshika viatu vyake mikononi.

Msomaji atacheka, naye ana haki ya kucheka. Aliyeijenga alitaka tucheke.

Mwenye nyumba

Jina lake lilikuwa Mahlon Haines. Alikuwa muuza viatu. Alianza kazi kwa mtaji mdogo wa kukopa. Mwishowe alikuwa na maduka zaidi ya 40 katika Pennsylvania na katika jimbo jirani la Maryland. Alijiita “Mchawi wa Viatu”. Kwetu jina la namna hiyo lingewakimbiza wanunuzi wote. Kwao lina maana ya mtu mwenye ufundi wa kushangaza. Mwaka 1948, alipokuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, alimpa mchora ramani za nyumba kiatu kimoja cha kazi, akamwagiza amjengee nyumba iliyo sawasawa nacho.

Kwa nini? Kwanza kwa sababu ya tangazo. Nyumba ilisimama karibu na Barabara ya Lincoln, ambayo tangu 1913 ilianza kuunganisha Marekani toka bahari ya mashariki mpaka bahari ya magharibi. Motokari zilipita hapo mchana na usiku. Mtu anayepita mbio hasomi maneno mengi ya kibao, lakini hawezi kusahau kiatu kirefu kama mti. Wamarekani walikuwa na desturi hiyo tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, mwenye viwanja mmoja, James Lafferty, alijenga pwani ya New Jersey nyumba yenye umbo la tembo, ndefu karibu meta 20, ili watu waje kuitazama, na wakiwa huko wanunue viwanja vyake. Tembo yule yuko hata leo. Basi, Haines alifuata njia iliyojulikana na wafanyabiashara wenzake.

Lakini kiatu chake hakikukaa kitupu kama kibao. Haines hakukijenga ili akae humo yeye mwenyewe. Aliwaita wazee, mume na mke waliokula miaka mingi pamoja, akawaalika walale humo siku za mwisho wa juma bila kulipa kitu. Walipewa mpishi, mtumishi wa nyumba, na dereva wa kuwatembeza. Watu waliovaa viatu vya kazi maisha yao yote walikaa siku chache kama mfalme na malkia, tena ndani ya kiatu cha kazi. Baadaye aliwaalika pia maarusi wapya, ambao hawakuwa na fedha za kusafiri baada ya harusi yao.

Hivi ndivyo nyumba ya kuchekesha ilivyopata kuwa nyumba ya wageni.

Maneno ya wanaolaumu

Sasa tusikie upande wa pili, nao tuusikie vizuri, maana una nguvu.

Mwenye kulaumu atasema hivi: Haines hakuwapenda wazee wale. Aliwatumia. Walioalikwa walitoka katika miji yenye maduka yake, wala si katika miji mingine. Mzee na mkewe waliporudi kwao, walisimulia kila mahali mambo waliyoyaona, na kila neno lao lilikuwa tangazo lisilolipiwa. Chakula walichokula kilikuwa bei ya tangazo hilo. Je, mkulima anayemlisha ng'ombe wake anatoa sadaka? Hapana, anatengeneza maziwa. Na tena, sisi Wakristu tumefundishwa tangu utoto kwamba anayepiga tarumbeta mbele ya sadaka yake amekwisha kupokea mshahara wake. Tarumbeta gani kubwa kupita kiatu cha meta 7 kandokando ya barabara?

Hatuwezi kuyatupa maneno hayo. Hata kwetu jambo hilo lajulikana. Mtu anatoa mabati matano ya shule, na kabla ya mvua ya kwanza jina lake limekwisha kuandikwa ukutani kwa herufi zinazosomeka toka ng'ambo ya mto. Mtu mwingine analeta mfuko wa mchele kwa wajane, akawapanga mstari juani mpaka mpiga picha afike. Tumbo la mjane linashiba, lakini uso wake anauficha. Kama huo ndio wema, basi mjane analipa chakula chake kwa aibu, nayo ni bei ghali.

Nani alikuwa kichekesho?

Hapo ndipo kiatu cha Pennsylvania kinapotufundisha jambo la kwanza. Tuangalie vema: katika nyumba ile, watu walicheka nini? Walicheka nyumba. Walimcheka mwenyewe Haines, aliyejitia katika kioo cha mlango kama mtakatifu wa viatu. Hawakuwacheka mzee na mkewe. Wao waliingia kama wageni. Walipikiwa, walitandikiwa, walipelekwa kutembea. Aliyekuwa tajiri alijifanya kichekesho, na aliyekuwa mtu wa kawaida alifanywa mkubwa.

Twaona hapo tofauti kubwa na yule mtoaji wa mchele. Wote wawili wanatafuta kutazamwa. Lakini mmoja anasimama mwenyewe mbele ya macho ya watu, na mgeni wake anakaa ndani kwa amani. Mwingine anamsukuma maskini mbele ili macho yamwangukie yeye. Wa kwanza amechanganya wema na biashara. Wa pili amemgeuza mwenzake kuwa kibao cha duka.

Basi twaweza kusema hivi: faida ya mtoaji peke yake haiharibu zawadi. Kinachoiharibu ni heshima ya mpokeaji inapotolewa ili kununua faida hiyo. Mkulima na ng'ombe wake si mfano unaofaa hapa, maana ng'ombe hana heshima ya kupoteza, wala hawezi kukataa mwaliko. Mzee wa Pennsylvania aliweza kukataa. Akiitika, aliitika kwa furaha yake.

Tarishi wa Hauterives

Lakini mwenye kulaumu hachoki. Atasema: Nionyesheni mtu aliyejenga nyumba ya ajabu bila duka nyuma yake, bila kiatu cha kuuza. Huyo ndiye nitakayemsifu.

Mtu huyo yuko. Tuvuke bahari twende Ufaransa, katika kijiji cha Hauterives. Huko aliishi tarishi wa posta jina lake Ferdinand Cheval, aliyezaliwa mwaka 1836. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua kwa miguu, zaidi ya kilometa 30 kila siku. Siku moja ya mwaka 1879 alijikwaa kwenye jiwe. Akaliokota, akaona umbo lake ni la ajabu. Kesho yake akaokota mengine. Kwanza aliyatia mifukoni, kisha katika kikapu, kisha katika toroli la gurudumu moja. Usiku, kwa mwanga wa taa, aliyaunga kwa chokaa na simenti. Akajenga hivyo miaka 33, mpaka 1912: jumba la urefu wa meta 26, lenye minara, majitu matatu ya mawe, wanyama, miti, hekalu la Kihindi na nyumba ya Uswisi, vitu ambavyo hakuviona ila katika picha za magazeti na za kadi alizozichukua begani. Majirani walisema ana kichaa. Humo hakuna jiko wala kitanda. Toroli lake alilitengenezea nafasi yake ndani ya jumba, kana kwamba ni mfanyakazi mwenzake.

Mwanzoni Cheval hakuwa na cho chote cha kuuza. Binti yake Alice alikufa mwaka 1894, akiwa na miaka 15, na baba akaendelea kujenga. Kisha alitaka azikwe ndani ya jumba lake, haikuruhusiwa. Basi alijijengea kaburi katika makaburi ya parokia, kazi ya miaka minane mingine, akamaliza mwaka 1922. Akafa mwaka 1924. Mwaka 1969, waziri André Malraux aliliweka jumba lile katika ulinzi wa serikali, ingawa wakubwa wengine wa ofisi yake hawakutaka. Leo watu zaidi ya laki moja wanakwenda kulitazama kila mwaka.

Je, tumepata sasa moyo safi usiochanganyika? Tuangalie kuta. Cheval mwenyewe alichora juu yake kwamba hiyo ni kazi ya mtu mmoja tu. Alichora hesabu yake: siku 10,000, saa 93,000. Wageni walipoanza kuja, aliwalipisha kiingilio. Alitaka jina lake lisipotee. Nani atamlaumu? Alitembea mavumbini miaka mingi akichukua maneno ya watu wengine, wala hakuna aliyemwandikia yeye. Lakini ndiyo kusema: hata katika kazi ile, uzi wa sifa umo.

Kamba yenye nyuzi nyingi

Basi twafika kwenye kiini cha neno letu. Nia ya mwanadamu ni kama kamba. Ukiitazama kwa mbali ni kitu kimoja. Ukiifungua, waona nyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja. Mama anayempikia mgeni anampenda mgeni, tena anapenda jirani waseme kwamba kwake kunapikwa vizuri. Mwalimu anayefundisha kwa bidii anawapenda watoto, tena anangoja sifa ya mkaguzi. Muuza viatu anawahurumia wazee, tena anataka kuuza viatu. Anayesema kwamba kamba yake ina uzi mmoja tu, huenda hajaifungua.

Kwa hiyo tusiulize tu kama kuna uzi wa faida. Tuulize ni uzi gani unaobeba mzigo. Wa Haines hatuwezi kuujua. Yeye alikufa mwaka 1962, na moyo wake una Mwamuzi mwingine. Twaona tu kwamba ukarimu ule haukuishi baada yake. Nyumba ikawa duka la aiskrimu, ile barafu tamu ya maziwa. Kisha ikawa mahali pa kutazamwa kwa kiingilio. Na mwaka 2022 wenye nyumba wapya wakaanza kulaza wageni wanaolipa. Hakuna ubaya katika hayo. Lakini kitanda cha bure cha mzee na mkewe hakipo tena. Maduka ya Haines nayo yamekwisha. Faida aliyoitafuta kwa ujanja mwingi imepita. Na watu wakisimulia habari zake leo, baada ya kucheka kiatu, wanafika kwa wazee wale waliolala humo. Uzi uliodumu ni ule.

Mioyo yetu wenyewe, lakini, twaweza kuipima. Twapendekeza maswali matatu.

Kwanza: kama hakuna mtu atakayeona, nitatoa bado? Labda nitatoa kidogo zaidi. Hapo nimejua uzito wa kila uzi. Lakini kama sitatoa hata kidogo, basi nilikuwa nanunua, nikakuita kununua huko sadaka.

Pili: huyu anayepokea, ataondoka na uso wake juu ao chini? Kama mgeni ao kama kibao?

Tatu: je, zawadi hii inaficha deni? Swali hili ni kubwa kupita yote. Mtu anayepunja mshahara wa wafanyakazi wake, halafu akawachinjia mbuzi siku ya Noeli, hajatoa mbuzi. Amewarudishia mguu mmoja wa mbuzi wao. Haki hulipwa kwanza. Wema huja baada yake. Hata nyumba nzuri ya kuwalaza wazee haiwezi kusimama mahali pa mshahara wa haki waliostahili walipokuwa vijana.

Lakini baada ya maswali hayo, tusianguke katika shimo la upande wa pili. Wako watu wema sana wanaoogopa majivuno hata hawatoi kitu. Wanasema: Nikimsaidia huyu, nitajiona mtu mkubwa, afadhali ningoje mpaka moyo wangu uwe safi. Kumbe, anayengoja moyo wake uwe safi kabisa atakufa mikono yake imefumba. Na mgonjwa anayengoja nje ya mlango hawezi kula usafi wa moyo wetu. Tutoe leo kwa moyo tulio nao. Kutoa kwenyewe kunasafisha. Mara ya kwanza mtu anatoa kwa sababu anatazamwa. Mara ya kumi amemfahamu mjane yule kwa jina, anajua mtoto wake ana homa, na siku ile anakwenda usiku bila taa.

Neno kwa mtembezi

Yabaki neno moja kwa yule anayesafiri kutazama nyumba za ajabu, ao anayezitazama katika picha tu, kama wengi wetu. Macho nayo yana wajibu wake.

Cheko si kosa. Mtu anayeona kiatu chenye madirisha asicheke, huyo ana ugonjwa. Lakini kuna cheko linalofungua mlango, na kuna cheko linaloufunga. Majirani wa Cheval walicheka, wakafunga mlango. Waliona mawe, hawakumwona mtu. Nasi, katika vijiji na mitaa yetu, yuko daima mmoja anayejenga namna yake, anayepaka ukuta wake rangi isiyopakwa na wengine, anayechonga kitu kisichoulizwa na mtu. Kabla ya kumwita kichaa, tumwulize: Ndugu, nani anakaa humo? Unamjengea nani?

Swali hilo lafaa nyumba zote, zile za kuchekesha na zile za kawaida. Ziko nyumba nyingi zenye pembe nne sawasawa, zenye bati jipya na mlango wa chuma, wala hajalala humo mgeni hata usiku mmoja. Hatuzipigi picha, wala hatucheki tukizipita. Lakini tukizilinganisha na kile kiatu cha simenti, kilichowapokea wazee wachovu kikawapa kitanda na chai ya asubuhi, huenda nyumba za ajabu ni hizo.